Jumanne Niliyompa Mama Skola

Nyie mlioanza kazi masjala mwaka huu, mliokuja juzi kunisalimia na kilo mbili za sukari, mliniuliza, "Mama, kazi hii ina siri gani?" Nikawacheka, nikawamiminia chai, mkaondoka mkidhani mama mstaafu hana la kusema. Ninalo. Limenikaa kooni miaka sasa, ila halikuwa la kusemwa mbele ya watu wenye maandazi mdomoni. Leo nimetulia, miwani imerudi kutoka kwa fundi baada ya mjukuu wangu kuikalia, nawaandikia.

Siri ni kwamba karani akiulizwa swali la muda, asijibu haraka. Anayetaka kuishia hapo aishie, akalale. Lakini nawajua vijana, mkiambiwa moto unaunguza mnapeleka kidole kwanza, kwa hiyo acheni niwasimulie kidole changu mimi.

Mimi ni mtoto wa Tukuyu. Nilianza ukarani mahakamani Mbeya, nikahamishiwa Iringa, na Iringa ndiko nilikostaafia. Kazi yetu mnaijua. Majalada yanaingia, majalada yanatoka, vumbi linabaki kifuani. Siku za mnada wa nyumba kwa amri ya mahakama, anayeonekana ni dalali: ana kipaza sauti, ana viatu vinavyong'aa, anapiga kelele "mara ya kwanza, mara ya pili" na watu wanamwogopa. Sisi makarani tunampata mnunuzi kesho yake, akili ikishamrudia. Anakuja amekunja tangazo la mnada mfukoni, anauliza kwa sauti ya chini, "Hivi nilisema nitalipa lini?"

Maana mnadani watu wanasikia bei tu. Hawasikii kwamba nyundo ikigonga unatoa robo hapo hapo, na zilizobaki unazimaliza ndani ya siku kumi na tano, kabla mahakama haijafungwa siku ile ya mwisho. Ukichelewa, robo yako inaweza kwenda na maji, na nyumba inatangazwa upya kana kwamba hukuwahi kuzaliwa. Ndiyo maana wengi wanarudi dirishani kuomba kuongezewa siku. Kila mmoja ana sababu nzuri. Sijawahi kukutana na mtu mwenye sababu mbaya.

Aliyenifundisha kuhesabu zile siku ni Mzee Anyosisye, karani mkuu wetu kule Mbeya, mtu mfupi mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata kanisani. Alikuwa anamwaga njiti za kiberiti mezani. "Haya, nyundo imegonga leo. Weka njiti ya leo." Nikaweka. Akanipiga kidole. "Gwe! Siku ya mnada haina njiti! Kesho ndiyo moja." Tukapanga mpaka kumi na tano. "Njiti ya mwisho ikiangukia Jumapili?" Nikasema, ameshachelewa. Akanipiga tena. "Ofisi ikiwa imefungwa, siku inasogea mpaka tutakapofungua. Ikiwa sikukuu, vilevile. Usimnyang'anye mtu siku yake, na usimpe isiyo yake."

Muhuri wa tarehe alikuwa anaufungia kabatini na ufunguo anaufunga kwenye mkanda. Nyie hamkuuona ule muhuri. Ulikuwa na vigurudumu, unavizungusha kwa kidole gumba, leo inakuwa jana na jana inakuwa juzi. "Kidole gumba," alikuwa anasema, "kimewafunga makarani wengi kuliko bangi ilivyowafunga vijana."

Kulikuwa na bwana mmoja pale Mbeya, mwenye mabasi mawili, alinunua ghala Mwanjelwa kwenye mnada wetu. Alikuja siku ya kumi na sita, saa mbili asubuhi, na pesa yote kwenye begi. Alikuwa amehesabu kuanzia siku aliyopewa karatasi, si siku ya nyundo. Akaanza kuomba aongezewe muda. Mzee Anyosisye akamwambia, kwa upole tu, "Mzee mwenzangu, ombi la kuongezewa muda linaletwa muda ungali hai. Ukishakufa hilo si ombi tena, ni matanga." Yule bwana akakaa kwenye benchi letu la nje. Nilimpelekea maji kwenye kikombe cha bati. Hakunywa. Mfagizi alifagia akaizunguka miguu yake, na maji yakabaki pale pale mpaka tukafunga ofisi. Robo ilikwenda.

Sasa kwa Mama Skola.

Wakati huo nipo Iringa, nimebakiza miezi tisa nistaafu, nimeshaanza kuota mafao yangu. Kulikuwa na nyumba Kihesa, mwenyewe ameikopea akashindwa, mahakama ikaamuru iuzwe. Ndani yake alikuwa anapanga Mama Skola, Mhehe, mjane, miaka kumi na tisa kwenye vyumba vile viwili na uani. Watoto wote watano walizaliwa pale. Mume wake alitolewa pale kwenda makaburini. Mnada ulipotangazwa aliona kabisa kwamba atakayenunua atamtoa, kwa hiyo akaamua kununua yeye. Watu wakamcheka. Alikuwa amekodi shamba la vitunguu Ruaha Mbuyuni, mavuno yake ndiyo yangelipa zilizobaki, na robo aliitoa kwenye kikoba, wanawake kumi na saba wamekubali kumkopesha akiba yao yote. Siku ya nyundo alimshinda mfanyabiashara mmoja wa mbao kwa kiasi kidogo tu.

Jumatatu iliyofuata akaja dirishani kwangu.

"Kamwene, mama."

"Kamwene. Karibu, mama."

"Dalali ameniambia siku kumi na tano. Mimi shule yangu ya darasa la nne, naomba unihesabie wewe msomi."

Msomi! Nyie, mjihadhari na mtu anayewaita msomi. Nilinyanyua shingo. Ukutani palikuwa na kalenda ya usharika wetu, yenye picha ya kwaya. Nikaivuta, nikashika kalamu, nikaanza kujionyesha.

"Mnada Jumamosi. Jumamosi ile haihesabiwi. Jumapili moja, Jumatatu mbili..." nikaenda hivyo mpaka mwisho. "Ya kumi na tano inaangukia Jumapili. Ofisi imefungwa, inasogea Jumatatu. Lakini angalia hapa, mama, nyekundu hizi: Jumapili Idd, Jumatatu Idd ya pili. Sikukuu. Basi siku yako ya mwisho ni Jumanne, kabla hatujafunga saa tisa na nusu."

"Jumanne?"

"Jumanne."

"Nisije nikaambiwa Jumatatu, mama. Tajiri wa vitunguu anatoka Dar, anapima Jumatatu."

"Mama Skola, kazi hii nimeianza Skola hajazaliwa."

Akacheka, akafunika mdomo na khanga. Akaomba nimwandikie. Nikachana kikaratasi, nikaandika neno moja, Jumanne, nikampa. Akakifunga kwenye pindo la khanga, pale wanapofunga nauli.

Chini ya zile nyekundu kalenda ilikuwa na maandishi madogo: itategemea kuandama kwa mwezi. Maandishi hayo nimeyaona miaka yote. Nilikuwa nayasoma kama watu wanavyosoma "usikojoe hapa", jicho linaona na kichwa hakipo. Mimi Mlutheri, Mama Skola Mkatoliki, na kalenda ya usharika. Kati yetu hakuna aliyekuwa anaungoja mwezi.

Mwezi ukaandama Ijumaa jioni. Redio ikatangaza, Idd ni kesho. Bwana Shabani, mwenye duka la kutoa kopi linalotazamana na mahakama, babu zake walitoka Pwani na pilau yao haina mpinzani, akatualika wafanyakazi wote Jumamosi mchana. Nilikwenda. Nilikula sahani mbili, sitawaficha. Bwana Shabani akasema, "Mwaka huu mwezi umetuwahi, watu tulijipanga kwa Jumapili." Na mimi mdomo umejaa nyama nikamjibu, "Afadhali, mmepunguziwa njaa siku moja!" Tukacheka wote. Nilicheka mimi! Nikafungashiwa na nyingine ya kupeleka nyumbani. Idd ya kwanza Jumamosi, ya pili Jumapili, na Jumatatu watu kazini. Nililijua hilo vizuri kabisa, hata nguo zangu za kazi nilizipiga pasi. Tumbo lilishiba, akili ikalala.

Jumatatu asubuhi nafungua dirisha, kwenye benchi amekaa bwana mmoja mwenye sweta ya kijivu. Namjua, ni mtu wa yule mfanyabiashara wa mbao aliyeshindwa. Ana bahasha.

"Shikamoo, mama. Za Idd?"

"Marahaba. Nzuri. Nikusaidie nini?"

"Naulizia tu yule mama wa nyumba ya Kihesa, ameshamaliza? Maana si unajua, mama." Akatabasamu. "Leo ni leo, asemaye kesho ni mwongo."

Ee Kyala, Mungu wangu. Maneno ya kibao cha nyuma ya gari, watu wanayasema kila siku wakitaniana. Niligeukia kalenda ya kwaya. Jumapili ya kumi na tano. Imesogea Jumatatu. Jumatatu si sikukuu. Aliyesema kesho ni mimi.

Nilifunga dirisha, nikaenda stoo, nikapiga simu nimesimama kati ya majalada ya mirathi. Nilisikia watu wanahesabu magunia.

"Mama Skola, siku yako ni leo."

"Mama, ulisema Jumanne."

"Nilisema."

"Kikaratasi ninacho hapa."

"Najua. Nimekosea. Mwezi uliwahi."

"Mwezi?"

"Mwezi, mama. Idd imekuwa Jumamosi."

"Mwezi unanihusu nini mimi? Mimi Mkatoliki!"

Nilitaka kucheka na kulia pamoja. Nikamwambia ahimize mzani, tajiri alipe sasa hivi, aje. Akasema tajiri ndiyo kwanza anakunywa chai. Akasema, "Mama, ile robo ni ya watu kumi na saba." Akakata, au salio lilikwisha, sijui.

Nitawaambia ukweli kwa sababu mnaweza kujikuta pale. Niliuwaza muhuri wa vigurudumu. Mimi niliyefundishwa na Mzee Anyosisye, nilikiangalia kidole gumba changu. Ingekuwa zamani, angelipa Jumanne nami ningezungusha kigurudumu kimoja, na dunia ingeendelea. Lakini siku hizi mnunuzi analipia benki kwa namba ya malipo, na mashine inaandika yenyewe saa na dakika. Nikawaza la pili, baya zaidi: kwamba kikaratasi ni neno moja tu, hakina saini, hakina muhuri. Nikikana, nani atamwamini mwanamke wa vitunguu dhidi ya karani mwandamizi? Miezi tisa tu. Mafao yangu. Niliwaza hivyo kwa muda wa kutosha kuona aibu.

Kisha nikaenda kwa hakimu.

Hakimu wetu tulimwita Fupisha, yeye mwenyewe hakujua, au alijua akanyamaza. Shahidi akianza tu "Mheshimiwa, nilipoamka asubuhi", yeye anapiga kalamu mezani: "Fupisha." Mawakili walikuwa wanamwogopa. Nilimkuta ofisini anasoma. Nikasimama, nikamweleza yote, kalenda, kwaya, pilau, kikaratasi. Pilau sijui niliitaja ya nini.

Akauliza, "Nani mwingine anajua kwamba ulimwambia Jumanne?"

"Mimi na yeye tu, mheshimiwa."

"Na kwa nini unaniambia?"

Nikasema, "Kuna mtu Mbeya hakunywa maji." Aliniangalia kama nimechanganyikiwa.

"Andika maelezo. Saini. Yaingie kwenye jalada," akasema. "Kuhusu muda, siongezi. Hakuna maombi mbele yangu, wala kiapo. Karani si mwombaji. Sheria inasema alipe kabla mahakama haijafungwa siku ya mwisho, na siku ya mwisho ni leo."

"Mheshimiwa, yuko Ruaha Mbuyuni, angepewa hata..."

"Nimemaliza."

Niliandika maelezo yangu, nikayatia kwenye jalada. Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililokuwa linauma. Maombi yanaletwa na mwenye shida, muda ungali hai, na mwenye shida alikuwa nyuma ya mlima Kitonga anasubiri mtu amalize chai.

Saa nne. Saa tano. Bwana wa sweta amekaa na bahasha yake magotini, kila nikifungua dirisha ananipa tabasamu. Saa saba Mama Skola akapiga: mzani umekwisha, tajiri ameingiza pesa kwenye akaunti yake, kiasi ni kikubwa hakipiti kwenye simu, lazima afike benki, na benki ya karibu iko Ilula, ukishapanda Kitonga. Saa nane akapiga tena. Nyuma yake honi tu.

"Mama, roli limelala Kitonga. Magari yamesimama."

"Kyala!"

"Nashuka. Natembea."

Mnaijua Kitonga nyie mnaopita mmelala kwenye basi. Yule mama aliupanda mlima ule kwa miguu, ndala za plastiki, kando ya foleni ya malori yanayonguruma, ili akatafute bodaboda upande wa juu ambako njia ilikuwa wazi. Na mimi nimekaa kwenye kiti chenye mto. Chakula sikula. Saa ya ukutani nilitamani niigeuze uso.

Saa tisa na nusu ikafika. Ikafika kweli, kama siku zote, haikuwa na huruma hata kidogo. Bwana wa sweta akasimama, akanyoosha suruali, akaja dirishani.

"Mama, muda umekwisha. Nigongee barua yangu, tunaomba mnada urudiwe."

Nilisimama kutafuta muhuri. Na hapo ndipo nikasikia, kupitia ukutani, sauti ya hakimu kutoka chumba cha mahakama.

"Endelea, mzee. Usifupishe."

Nikadhani nimesikia vibaya. Nikachungulia mlangoni. Kizimbani yumo mzee mmoja wa kutoka Kalenga, shahidi wa kesi ya mpaka wa shamba, mtu ambaye kila aliposimama alikuwa anakatwa sentensi ya pili. Amenyooka kama bwana harusi.

"Naam, mheshimiwa. Kama nilivyosema, ule mpaka ulikuwa na mti."

"Huo mti nani aliupanda?"

"Babu yangu, mheshimiwa."

"Babu yako alihamia pale akitokea wapi?"

Mawakili wawili wakaangaliana. Mmoja alikuwa ameshafunga begi. Mzee wa Kalenga alishusha pumzi ya mtu aliyesubiri swali hilo maisha yake yote, akaanza safari ya babu, kijiji kwa kijiji, na ng'ombe waliokuwa naye, mmoja baada ya mwingine, pamoja na yule aliyevunjika pembe.

Bwana wa sweta aliponiona sirudi dirishani akanifuata, akapita, akasimama katikati ya chumba. "Mheshimiwa, samahani. Niko hapa kuhusu nyumba ya Kihesa. Muda wa mahakama kufungwa umeshapita."

Hakimu akamtazama juu ya miwani. "Nani amekuambia nimefunga?"

"Ni saa tisa na..."

"Unaniona nimekaa au nimesimama?"

"Umekaa, mheshimiwa."

"Basi na wewe kaa. Endelea, mzee. Yule ng'ombe wa pembe moja mlimfanyaje?"

Nilikimbia masjala. Kukimbia kwa umri ule si jambo dogo. Nikakaa mbele ya kompyuta, nikafungua ukurasa wa malipo, nikawa nabonyeza, hakuna kitu, nabonyeza, hakuna kitu. Simu ikalia.

"Mama, niko benki Ilula. Dada wa dirishani anasema mtandao umekata."

"Usitoke hapo. Mwambie asikufungie. Mwambie ni nyumba yako!"

"Nimemwambia. Wateja wamenipisha."

Ukutani kwangu namsikia mzee wa Kalenga anamzika ng'ombe. Nikaomba, kwa Kinyakyusa, maana Kiswahili kilikuwa kimeniishia. Nikaomba yule ng'ombe awe na ndama.

Alikuwa nao. Wawili.

Saa kumi kasoro dakika saba mstari ukatokea kwenye kompyuta: jina la Mama Skola, kiasi chote, imelipwa. Nilichapa stakabadhi. Mashine ile ilikuwa na tabia ya kutafuna karatasi, siku hiyo ikaitoa nzima. Nikaingia chumba cha mahakama, nikaiweka mbele ya hakimu bila neno. Akaisoma. Akaigeuza nyuma, akaisoma na nyuma ambako hakukuwa na kitu. Akaiweka ndani ya jalada.

"Mzee, nakushukuru," akasema. "Sasa fupisha."

Mawakili walicheka, mzee wa Kalenga akakasirika, maana alikuwa bado hajafika kwa baba yake.

Msifikiri niliondoka pale nacheka. Mfanyabiashara wa mbao alilalamika kwa maandishi kwamba mahakama ilichezewa. Wiki nyingi nilikuwa nikiitwa juu nahisi mkojo unanibana. Lalamiko lilisomwa, likajibiwa kwamba siku ile mahakama ilikuwa imekaa mpaka jioni na mwenendo wa kesi ya mpaka unaonyesha hivyo, kurasa kumi na moja. Mimi nilipewa barua ya onyo, na niliistahili. Wapo wenzangu waliosema hakimu alifanya haki, wapo waliosema alifanya ujanja. Mimi nimewaza sana na sina jibu. Sikuwahi kumuuliza, naye hakuwahi kulitaja, na wiki iliyofuata nilimsikia anamkata mjane mmoja sentensi ya kwanza.

Kwa hiyo mnunuzi akija dirishani kuuliza siku yake ya mwisho, mwambie alipe mapema, na akiona hawezi, aje na maombi yake na kiapo muda ungali hai, akiwa bado ana siku za kupumulia. Usimpe siku kwa mdomo. Siku si zako. Na ukikosea, kimbilia kwa hakimu kabla hujapata akili ya kujitetea, maana akili hiyo inakuja haraka sana, mimi ilinijia stoo ndani ya dakika tano.

Jioni ile, kwenye saa kumi na moja, Mama Skola alifika. Vumbi mpaka magotini, ndala moja imekatika mkanda ameifunga kwa uzi wa gunia. Nilisema, "Nisamehe, mama." Akakaa kwenye benchi, akavuta pumzi. Nikampelekea maji, akanywa yote, akaomba mengine.

Kisha akafungua pindo la khanga, akatoa kile kikaratasi, akaniwekea mkononi na kunikunja vidole.

"Chukua, mama. Kule benki walikuwa wananiuliza kwa nini nimechelewa. Sikumwonyesha mtu."

Wiki ya pili alileta gunia la vitunguu, nikamwambia arudi nalo, kwa karani hiyo ni rushwa. Akanuna. Nikanunua kilo mbili kwa bei ya sokoni, akanipimia kwa hasira.

Nimestaafu, nyumba ya Kihesa bado ni yake, na mimi kila mwisho wa Ramadhani natoka uani jua likizama, Mlutheri mzima, nanyoosha shingo kuutafuta mwezi. Majirani wananicheka. Nisipouona nampigia Bwana Shabani, ananijibu, "Bado, mama, tulia." Situlii.

Kikaratasi kimo ndani ya kitabu changu cha nyimbo. Nikiwa na kiburi kidogo nakitoa nakiangalia. Kimeandikwa neno moja tu, Jumanne, kwa mwandiko mzuri kabisa, usio na wasiwasi hata chembe.